Wanataka mare yenu, wanaahidi ingine: mbele ya kutia sahihi, ulizeni maji

Mwishoni mwa kiangazi tuliitwa na kooperative moja inayolima bondeni: mchele upande wa chini, mboga upande wa juu, na kandokando mafunjo ya kufuma mikeka. Hatutaji jina lake, kwa sababu mazungumzo yake hayajaisha. Tulifikiri tunaitwa juu ya ugonjwa wa mchele. Kumbe hapana. Wanamemba karibu wote walikuwa wamekaa mbele ya depo, na juu ya meza kulikuwa karatasi moja tu.

Karatasi ile ilisema hivi: mtu mmoja mwenye mali anataka kujaza udongo katika hekta 4 za mare, zile zinazogusa barabara, ili ajenge depo na nyumba za kupangisha. Badala yake atapatia kooperative hekta 4 zingine nyuma ya kilima, na atazitengeneza ziwe mare. Tena ataongeza makuta ya kununua mashini ya kukoboa mchele.

Vijana walitaka kukubali siku ileile. Mashini ya kukoboa ni kitu ambacho kooperative inatafuta miaka na miaka. Leo wanauza mpunga kwa bei ya chini, na mwingine ndiye anakula faida. Prezida akamgeukia mmoja wetu: “Bwana agronome, hekta ine kwa hekta ine, na mashini juu yake. Kuko ubaya gani?” Mbele tujibu, mama mmoja aliyekaa nyuma, mwenye mistari miwili ya lenga-lenga katika ile sehemu ya barabara, akasema: “Mare haiko kiti, mutu anabeba anapeleka kwingine.”

Tuliomba siku 15 za kutafuta jibu. Swali hili halikuulizwa kwetu mara ya kwanza, na tunajua halitakuwa la mwisho: barabara zinatengenezwa, miji inapanuka, na mahali tambarare penye maji panatamaniwa na kila mtu. Kwa hiyo jibu tunaliandika hapa kwa kooperative zote.

Mare inafanya kazi gani

Mvua ikinyesha, mare inakunywa maji kama godoro. Kiangazi kikifika, inayaachilia polepole, na ndiyo maana mnavuna mboga wakati mashamba ya kilimani yamekauka. Mafunjo na majani yake yanazuia udongo unaoshuka na maji ya mvua, kwa hiyo mto wa chini unabaki safi kidogo. Samaki wadogo wanakulia mule. Ukijaza udongo, kazi hizi zote zinasimama siku moja, na maji yaliyokuwa yanalala mule yatatafuta pengine pa kulala: katika shamba la jirani ao ndani ya nyumba zilezile mpya.

Na sisi maagronome tuko na deni hapa. Miaka ya nyuma, tulipofika katika mare, jambo la kwanza tulilofundisha lilikuwa kuchimba mfereji mkubwa wa kuondoa maji. Kuko mahali tulichimba kwa kina sana. Misimu miwili ya kwanza mavuno yalikuwa mazuri, kila mtu akatushukuru. Kisha udongo mweusi ukakauka, ukapasuka, ukashuka, na wakulima wakaanza kubeba maji kwa bidoni mahali ambapo zamani walikuwa wanakwama matopeni. Tulijaribu kuziba ule mfereji. Maji yalirudi kidogo tu. Tangu siku ile hatusemi tena kwa urahisi kwamba mare inaweza kutengenezwa.

Marekani: walikausha kwanza, wakajuta kisha

Nchi iliyoandika sheria nyingi sana juu ya kurudisha mare iliyoharibiwa ni Marekani. Tunaitumia kama mfano kwa sababu wakulima wake walipita njia hii mbele yetu, na walilipa makosa yao.

Wataalamu wa serikali yao walihesabu kwamba katika miaka ya 1780, eneo la majimbo 48 yaliyoshikamana lilikuwa na mare karibu hekta milioni 89. Miaka ya 1980 zilibaki karibu milioni 42. Serikali yenyewe ilisaidia kazi hiyo: kwa sheria za 1849, 1850 na 1860 ilipatia majimbo mengi mare zake ili zikaushwe na kulimwa. Wakulima walizika mirija ya udongo wa kuchomwa chini ya mashamba, maji yakatoka. Katika jimbo la Iowa, linalojulikana leo kwa mahindi yake, karibu mare 9 kwa 10 zilipotea.

Mwaka wa 1972 wakatunga Sheria ya Maji Safi. Kifungu chake cha 404 kinasema mtu hawezi kumwaga udongo katika mare inayolindwa bila kupata ruhusa. Ruhusa hiyo inatolewa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, na shirika la serikali la mazingira, EPA, linachunga. Kulima, kupanda na kuvuna katika shamba ambalo tayari liko shamba hakuombi ruhusa. Lakini kugeuza mare ili ifanye kazi mpya kunaomba.

Mwaka wa 1985 sheria ya kilimo ikaongeza fimbo ingine: mkulima anayekausha mare ili apande mazao anaweza kunyimwa msaada wa serikali. Hakupelekwa gerezani, makuta ndiyo yalifungwa. Na mwaka wa 1989 rais George H. W. Bush akaweka lengo kwa nchi nzima: mare zisipungue tena kwa jumla. Inayopotea hapa, irudishwe pale.

Milango mitatu, na ufuatano wake

Mwaka wa 1990 zile ofisi mbili, ya jeshi na ya mazingira, zilipatana namna ya kuhukumu kila ombi. Tunaomba mkumbuke mapatano haya kuliko namba zote zilizotangulia. Kuko milango mitatu, na haurukwi hata mmoja.

Mlango wa kwanza: epuka. Mwenye kujenga aonyeshe kwamba hakuna mahali pengine pakavu panapofaa.

Mlango wa pili: punguza. Kama hawezi kuepuka, achukue sehemu ndogo iwezekanavyo, na aache maji yapite.

Mlango wa tatu: rudisha. Paka kwa hasara inayobaki kisha ya milango miwili ya kwanza, ndipo anatengeneza mare ingine.

Someni tena karatasi ya kooperative yetu. Yule mtu anaanza na mlango wa tatu. Hakusema kama alitafuta mahali pakavu. Hakusema kwa nini iwe hekta 4, isiwe 1. Alifika moja kwa moja na zawadi mkononi.

Mlango wa tatu wenyewe una masharti. Kanuni ya 2008 inakubali njia tatu za kurudisha. Ya kwanza, ambayo inapendelewa, ni ile wanayoita benki ya mare: mtu anafufua mare kubwa iliyokaushwa zamani, ofisi zinaipima, na anaruhusiwa kuuza sehemu zake kwa wajenzi kadiri mare inavyoonyesha kwamba imepona. Ya pili: mjenzi analipa makuta katika mfuko unaofanya kazi ya kufufua. Ya tatu: mjenzi anatengeneza mwenyewe.

Katika njia zote, kufufua mare ya zamani kunatangulizwa kuliko kuchimba mpya, kwa sababu mahali palipokuwa na maji, maji yanajua kurudi. Kama hakuna kipimo kingine, hesabu ni angalau hekta 1 kwa hekta 1, na inaweza kupita pale kama mare mpya haina uhakika ao inachelewa kukomaa. Kazi inachungwa kwa miaka isiyopungua 5. Kwa kawaida mjenzi anaweka dhamana ya makuta, ili akikimbia kazi imalizwe. Na ule udongo unafungwa kwa karatasi, usije ukauzwa kesho kwa kazi ingine.

Hata hivyo, mare nyingi hazikurudi

Msifikiri karatasi nzuri ilimaliza mambo. Mwaka wa 2001 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichunguza kazi yote na kusema wazi kwamba lile lengo la mare zisipungue halikufikiwa. Kuko mare zilizoahidiwa lakini hazikutengenezwa hata kidogo. Zingine zilianzwa, hazikumalizwa. Zingine zilitengenezwa mahali ambapo maji hayafiki vizuri, ao yanakaa ya kina kirefu muda wote, kwa hiyo wakapata ziwa dogo, si mare.

Mwaka wa 2012 watafiti waliweka pamoja habari za mare 621 zilizofufuliwa ao zilizotengenezwa katika nchi mbalimbali. Waliona kwamba, hata kisha ya miaka mingi, mimea na wanyama wake walibaki kwa wastani asilimia 26 chini ya mare za asili, na kazi ya udongo wake asilimia 23 chini. Kwa lugha ya shamba: ukitoa gunia nne, unarudishiwa tatu, na unangojea miaka.

Kuko tena jambo la nani anapoteza na nani anapata. Katika jimbo la Florida watafiti waliona kwamba mare zilikuwa zinajazwa karibu na miji, na zile za kulipa zinafufuliwa mbali, mahali udongo uko bei ya chini. Hesabu ya hekta ilikuwa sawa. Lakini aliyepoteza kinga yake ya mafuriko hakuwa yuleyule aliyepata ingine.

Na sheria yenyewe inaweza kupunguzwa. Mwaka wa 2023, katika kesi ya familia Sackett ya jimbo la Idaho, mahakama kuu ya Marekani ilisema Sheria ya Maji Safi inalinda paka mare ambazo maji yake ya juu yanaungana bila kukatika na mto ao ziwa linalolindwa. Mare nyingi zilizokuwa zinalindwa jana, leo haziko tena ndani ya sheria ile.

Na kwetu Congo?

Wengine wanasema kwetu hakuna sheria. Si kweli. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 54 kinasema uharibifu unaotokana na kazi ya kutafuta mali unadai fidia ao matengenezo. Maneno hayo yanaweza kusomwa mbele ya mtu yeyote, hata mwenye gari kubwa.

Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 juu ya mazingira inadai, katika kifungu cha 21, kwamba mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari, pamoja na mpango wa kuzipunguza. Sheria hiyo inaomba pia anketi kwa wananchi mbele ya kazi kuanza, si kisha. Ofisi inayopima uchunguzi huo ni Agence Congolaise de l'Environnement.

Nchi yetu iko tena katika mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi mwaka wa 1971 juu ya kulinda mare za dunia. Congo iliingia mwaka wa 1996. Kifungu chake cha 4 kinasema kama nchi, kwa sababu ya haraka ya faida ya taifa, inapunguza mare iliyoandikwa katika orodha, itafute kadiri inavyowezekana kulipa hasara hiyo. Katika orodha kuko sehemu ya Virunga na eneo kubwa la Ngiri-Tumba-Maindombe, linalopita hekta milioni 6. Mare yenu ndogo ya kijijini haimo katika orodha, lakini wazo ni lilelile.

Kuhusu udongo, sheria ya 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo ni mali ya Serikali, na kwamba konsesio ya udongo wa kijijini haipewi mbele ya anketi ya kujua nani yuko pale na anafanya nini. Mistari ya lenga-lenga ya yule mama ni jibu la anketi hiyo. Lakini lazima mtu aione na kuiandika.

Kinachopungua ni hiki: sheria hizi tulizozitaja hazipangi hekta ngapi zilipwe kwa hekta ngapi, wala miaka mingapi ya kuchunga. Zinafungua mlango, lakini hesabu mnaifanya ninyi, kwa maneno mtakayoyaandika katika mapatano. Ndiyo sababu makosa ya Marekani yana faida kwetu.

Maswali sita ya kuuliza

1. Je, hakuna mahali pakavu? Mwombe mwenye mradi aonyeshe mahali pengine alipotafuta. Kama nyumba inaweza kusimama ngambo ya barabara, mazungumzo yaanzie pale.

2. Maji ya mare mpya yatatoka wapi? Msiende kuitazama wakati wa mvua. Wakati wa mvua hata uwanja wa mpira ni mare. Nendeni mwisho wa kiangazi, mchimbe mashimo ya mita moja na nusu. Tazameni udongo: mweusi, ao wa kijivu wenye madoadoa ya kutu, ni alama ya maji yanayokaa ao yanayopanda na kushuka. Mwekundu toka juu mpaka chini, maji hayakai pale. Kisha wekeni mti wenye alama za sentimita, na muandike kila juma mwaka mzima.

3. Nani yuko chini ya mto? Walime wenu wa chini na kijiji jirani wanapata maji kupitia mare ile. Waiteni katika mkutano. Wasipoitwa leo, watakuja kesho na hasira.

4. Mare mpya itakuwa tayari lini? Ombeni ionekane inashika maji msimu mzima mbele ya kikapu cha kwanza cha udongo kumwagwa katika ile ya zamani.

5. Nani ataichunga miaka 5, na dhamana iko wapi? Ahadi ya mdomo haifungui mfereji ulioziba. Makuta ya kumaliza kazi yawekwe mahali ambapo mwenye mradi hawezi kuyachukua peke yake.

6. Nani anatia sahihi, na karatasi iko kwa jina la nani? Komite haiko kooperative nzima. Wale wanaolima sehemu inayotakiwa, na mara nyingi ni wamama, waandikwe majina na mistari yao. Na uchunguzi wa athari uombwe kwa barua, mbaki na kopi yenye alama ya kupokelewa.

Nyuma ya kilima

Tulirudi kwa ile kooperative kisha ya siku 15, na tukapanda pamoja nyuma ya kilima na majembe. Vijana walichimba mashimo 4. Katika matatu hakukuwa hata unyevunyevu. Udongo mwekundu tangu majani mpaka chini. Katika la nne maji yalitokea, na kila mtu akafurahi, mpaka mzee mmoja aliposema kwamba ni mkondo wa chemchemi ambayo kijiji cha chini wanachota. Ile hekta moja yenye maji ilikuwa tayari na wenyewe.

Hakuna aliyepiga kelele. Jioni prezida aliandika barua: kooperative haikatai mazungumzo, lakini inaomba uchunguzi wa athari, inaomba depo zijengwe ngambo kavu ya barabara, na kama kuko sehemu ya mare isiyoweza kuepukwa, ipimwe upya na wakulima wake wakiwapo. Mpaka tunapoandika, jibu halijafika.

Wakati tunaagana, kijana mmoja akatuuliza: “Na mashini yetu?” Ni swali la haki. Hatukuwa na jibu zuri la kumpa siku ile. Tumeanza na komite kuhesabu akiba ya misimu mitatu na mkopo unaoweza kuongezewa pale. Itachelewa, na kwa muda huo mpunga utaendelea kuuzwa bei ya chini. Hilo tulimwambia wazi. Lakini mashini bila mchele wa kukoboa ni chuma tu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kama kooperative yenu imeletewa karatasi ya namna hii, ituonyesheni mbele ya kutia sahihi, wakati tunapopita kuwatembelea. Na kama kiangazi hakijaisha kwenu, msitungojee: chukueni jembe, mwende mkachimbe shimo.